Mawe Niliyoyaacha Makongolosi

Kwanza ilikuwa sauti ya karasha. Mtu asiyetoka kwetu akiniuliza karasha ni nini, humwambia ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, pipa la chuma linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani, lakini najua maelezo hayo hayamfikishi popote. Karasha la jirani yetu pale Makongolosi lilianza saa moja asubuhi na kunyamaza jua likiwa linazama, na muda wote huo lilikuwa ndani ya meno yangu. Wenzangu walicheza rede hatua chache tu kutoka hapo kana kwamba halipo. Mimi nilipita nimeziba masikio kwa viganja vyote viwili, nikihesabu hatua mpaka kwenye kona ya duka la vifaa, ambako ukuta ulikuwa unaikata ile kelele. Vumbi la Chunya lilikuwa jekundu na laini kama unga, likiingia puani na harufu ya mafuta ya dizeli na tumbaku iliyokaushwa. Watu waliokaa vibarazani waliniona nikipita hivyo kila siku, na baada ya kuchoka kunicheka walianza kuniangalia kwa jicho jingine. Nilimsikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, “Huyu mtoto huwa anasikia kitu gani?” Mwenzake alivuta tu mwanawe karibu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano. Baba yangu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe aliyefuata dhahabu Chunya akiwa kijana na akaendelea kuchimba katika maduara ya watu wengine, yaani mashimo yao ya dhahabu. Mama alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, karibu na Iringa, na walikutana Mbeya mjini katika mkasa ambao kila mmoja aliusimulia kwa namna yake. Nyumbani tuliongea Kiswahili, baba akikasirika kwa Kinyakyusa na mama akisali kwa Kihehe. Mimi, Sekela, mtoto wao pekee, niliongea kidogo sana, na nilipoongea nilirudia maneno ya mwisho ya mtu aliyenisemesha. Sikula ugali uliogusana na mboga. Sikuvaa sweta lenye kola. Sikuweza kumtazama mtu machoni, kwa sababu macho ya watu yalikuwa yanasogeasogea na mimi nilishindwa kusikia maneno huku nikitazama vitu vinavyosogea. Hakuna aliyekuwa na jina la hali hiyo. Kulikuwa na maneno mengi ya kuizungumzia, lakini hayo yote yalikuwa ya kunong’ona.

Nilichokuwa nacho ni mawe. Niliyaokota kwenye vifusi, njiani, kwenye mwalo walikosafishia udongo wa dhahabu, nikayapanga chini ya kitanda changu kwa mistari: meupe matupu, meupe yenye mistari ya rangi ya kutu, ya kijani yanayoteleza, meusi mazito. Kila jiwe nililijua lilikotoka. Ukinifumba macho ukanipa jiwe mkononi, ningeweza kukwambia ni la duara lipi, kwa uzito wake na kwa jinsi lilivyovunjika ukingoni. Haukuwa muujiza. Nilikuwa nimeyatazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, basi. Mawe yalikuwa na tabia moja iliyonipumzisha: jiwe uliloliacha hivi asubuhi, jioni ulilikuta hivyohivyo.

Watu hawakuwa hivyo. Lazima niseme hili wazi, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe mtoto wa kushuku kila kitu. Nilipokuwa mdogo zaidi, mama aliniambia tunakwenda kumsalimia bibi, na tulipofika hapakuwa na bibi, palikuwa na sindano. Mama alifanya hivyo kwa upole, kama wazazi wengi, lakini mimi sikuusahau ule uongo. Tangu siku hiyo kila safari niliishuku, kila zawadi niliishuku, na kila mtu aliyeinama kunisemesha kwa sauti nyembamba nilijua anaficha kitu nyuma ya mgongo. Kwa kuwa nyuso za watu hazikuniambia lolote, nilijitungia sheria. Anayenong’ona ni mbaya. Anayecheka bila sababu ni mbaya. Anayezungumza juu ya mawe ni mzuri. Nilizifuata sheria hizo kwa uaminifu, na mojawapo nusura inigharimu macho.

Mwaka ule alikuja mwalimu mpya, Mwalimu Lugano, mwanamke kijana aliyevaa viatu vilevile kila siku, jambo lililonipendeza. Wiki ya kwanza alituuliza mmoja mmoja tunataka kuwa nani tukikua. Daktari, rubani, mwanajeshi, mwalimu, wote walisimama na kujibu. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikitazama ubao. “Nataka kuwa mtu wa mawe,” nikasema.

“Atakuwa kokoto!” alipayuka Neema, binti wa jirani yetu, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Lugano hakucheka. Alifungua kijitabu chenye jalada la bluu, akaandika kitu, akakifunga. Hapo ndipo nilipomwekea alama mbaya. Kwa nini hakuandika jibu la rubani? Kwa nini langu tu? Kuanzia siku hiyo nilimfuatilia kama mgambo. Nikiziba masikio kengele ilipolia, aliandika. Nikikataa uji kwa sababu ulikuwa na ngozi juu, aliandika. Siku moja alinifuata chini ya dirisha nilipokuwa napanga mawe, akachuchumaa, akaniuliza swali kuhusu jiwe jeupe, nami nikamuuliza kwa nini lina mistari. Aliligeuza lile jiwe mkononi. Kisha akatoa kile kijitabu. Nilikusanya mawe yangu nikakimbia. Nilimwambia mama jioni ile, “Mwalimu ananiandika.” Mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kuyapuuza maneno yangu kwa kuwa yalikuwa machache, aliacha kuchambua mchele. “Anakuandika nini?” Sikujua. Kesho yake mama alinisindikiza shuleni na kumtazama yule mwalimu kutoka getini kwa muda mrefu, bila salamu.

Baba yake Neema sikumshuku hata kidogo. Alikuwa na duara lake mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, na alinisemesha kuhusu mawe tu. Hakuniuliza kwa nini siangalii watu. Alikuja nyumbani na soda, akaketi kwenye benchi, akatoa mfukoni mawe manne na kuyaweka mbele yangu. “Haya, mwanangu, niambie ya wapi haya.” Nikamwambia: mawili ya duara lake, moja la kule mlimani, la mwisho la barabarani, si la duara lolote. Alicheka sana, akampiga baba begani. “Si nilikwambia? Lina jicho hili toto.” Alirudi tena na tena. Alimletea mama kanga, na mama akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka juu ya kabati na hakuivaa kamwe. Mimi nilimngojea kila Jumapili. Kati ya watu wazima wote wa Makongolosi, ndiye pekee aliyenifanya nijione nina maana, na hata leo nikiandika hivi nasikia aibu kwa jinsi nilivyokuwa namkimbilia.

Kilichofuata nilikijua vipande vipande, na vingine miaka mingi baadaye. Baba Neema alikuwa amempa baba ahadi: atamwingiza katika duara lake awe mshirika, asiwe mchimbaji wa watu tena. Kwa sharti kwamba mimi nipelekwe kwa mganga fulani njia ya kwenda Rukwa, nichanjwe kwa wembe kuzunguka macho na kupakwa dawa, ili lile jicho lifunguke vizuri na kuona dhahabu ikiwa bado ardhini. Baba alisema atafikiri. Siku ikapangwa, Jumamosi. Neema, ambaye alisikia kila kitu kwao, hakuweza kuibeba habari nzito kama hiyo peke yake. Siku ya Jumatano aliitangaza darasani wakati wa mapumziko. “Sekela anapelekwa kuchanjwa macho. Atakuwa kama darubini.” Mwalimu Lugano alikuwa amesimama mlangoni.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mama alitokea shuleni na begi moja. Aliongea na Mwalimu Lugano kando ya ofisi, wote wawili kwa kunong’ona, na nikamwona mwalimu akimpa kile kijitabu cha bluu. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: nimeuzwa. Nimeandikwa, nimepimwa, na sasa natolewa. “Twende,” mama akasema. Niliuliza wapi. “Iringa, kwa mama mkubwa.” Nikakumbuka bibi asiyekuwepo na sindano. Nikauliza kuhusu mawe. Mama alitazama barabara upande wa nyumbani kwetu, ambako baba alikuwa amelala baada ya zamu, kisha akatazama gari dogo lililokuwa linaita abiria wa Chunya. “Hatupiti nyumbani,” akasema. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mama alinibeba, mtoto wa miaka kumi na moja, miguu yangu ikiburuza vumbi, na hakuna mtu aliyetuzuia, kwa sababu watu wa pale walikuwa wamezoea kelele zangu.

Safari ile siikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka milima iliyopanda upande mmoja wa dirisha kabla ya Mbeya, na baridi iliyoingia ghafla kwenye mikono. Nakumbuka mama akinunua viazi vya kuchemsha dirishani na mimi nikivinusa kwa muda mrefu, nikishuku vimewekwa kitu. Nakumbuka kwamba hakulala hata kidogo, na kila mwanamume aliyepanda basi mama alimkagua kutoka viatuni hadi usoni. Sikujua kwamba na yeye alikuwa anashuku. Nilidhani kushuku ni ugonjwa wangu peke yangu.

Mama mkubwa Yustina, dada yake mama, aliishi jirani na misheni ya Tosamaganga na alifanya kazi ya kufua mashuka ya wagonjwa. Alitupokea mlangoni kwa mikono iliyonuka sabuni. “Kamwene,” akatusalimu kwa Kihehe, na mimi nikasema “kamwene” mara nane mfululizo kwa sababu neno lile lilikuwa tamu mdomoni, na kwa mara ya kwanza mtu hakucheka wala kunikemea. Aliitikia mara zote nane. Hilo nalo nililishuku. Nyumba yake ilikuwa kimya. Hapakuwa na karasha. Palikuwa na miti ya mikaratusi iliyonuka dawa baada ya mvua, kengele ya kanisa iliyolia saa zilezile, na njegere zilizopikwa peke yake bila kuchanganywa na chochote. Nilikaa wiki tatu nikitafuta mtego ulipo.

Mtego, kwa hesabu zangu, ulikuwa daktari. Mama mkubwa alikuwa amesikia kuwa kuna daktari mwanamke anayekuja mara moja moja katika hospitali fulani ya mkoa kuwaona watoto, akatupeleka. Sikuchomwa sindano. Yule daktari aliketi sakafuni, akaweka vijiti na vifuniko vya chupa mbele yangu, akaongea na mama huku akinitazama kwa pembeni tu. Kisha mama akatoa kile kijitabu cha bluu kwenye begi. Daktari alikisoma ukurasa hadi ukurasa. Alisoma kwa muda mrefu kiasi kwamba nilipanga vifuniko vyote kwa rangi, nikavipangua, nikavipanga kwa ukubwa.

“Nani ameandika haya?” akauliza.

“Mwalimu wake, dokta. Kuna kitu kibaya?”

“Hakuna kibaya, mama. Amenisaidia kazi ya miezi.” Akasema neno ambalo mama hakuwahi kulisikia, usonji. Mama akauliza kama linaambukiza, akauliza kama ni kwa sababu alifanya kazi nzito mimba ikiwa changa, akauliza kama kuna dawa. Daktari alijibu hapana mara tatu, kila moja kwa utaratibu. Kisha akauliza, “Anapenda nini?”

Mama alisita. “Mawe,” akasema, na sauti yake ikashuka. “Lakini hayo ndiyo yaliyotuletea balaa.”

Nakumbuka nilivyomkasirikia. Kwa maana tangu tufike Iringa mama alikuwa amenikataza kuokota jiwe lolote mbele za watu. Nikiinama tu njiani, alinivuta mkono. Aliogopa kuwa habari zitaenea tena, kwamba atatokea mwanamume mwingine mwenye sauti ya chini na soda mkononi. Mama mkubwa alikuwa na mpango wake: niwe mtawa. Alinieleza jioni moja tukimenya viazi, na lazima nikiri mpango huo ulinivutia sana. Kengele saa zilezile, nguo moja kila siku, watu wasioongea wakati wa kula. Nilijiona kabisa. Nikamuuliza kama watawa wanaruhusiwa kuwa na mawe chini ya kitanda. Akasema haamini. Nikamuuliza kama watawa wanaimba kwaya. Akasema wanaimba kila siku, tena kwa sauti. Hapo mpango ukafa. Mama naye alitaka nijifunze kushona, kwa sababu cherehani, alisema, haina maneno mengi na haileti wageni. Kila mmoja alikuwa na kesho yangu mkononi mwake, akiikata kulingana na hofu yake, na hakuna aliyeniuliza nawaza nini. Nilikuwa nawaza mistari minne chini ya kitanda Makongolosi. Nilikuwa nawaza nani ameingia chumbani.

Siku moja mama alikwenda sokoni na kukiacha kijitabu juu ya meza. Nilikisoma chote nimesimama. Nilitarajia mashitaka. Nilikuta mambo ya kawaida, kwa mwandiko wa kubanana: *Ameziba masikio kengele ilipolia, nimwombe mwalimu mkuu mtoto ahamishiwe kiti mbali na mlango. Hali uji ukiwa na ngozi. Nimeutoa ngozi, amekunywa wote.* Na mahali pengine: *Anasema anataka kuwa mtu wa mawe. Nadhani kuna masomo hayo chuoni. Kuulizia.* Na ukurasa wa karibu na mwisho: *Ameniuliza kwa nini jiwe jeupe lina mistari. Sijui. Amekimbia kabla sijamwambia kuwa sijui.* Niliketi. Nilikuwa nimemshuku yule mwanamke mwaka mzima, nami sikuwa nimewahi, kabla ya hapo, kukutana na mtu mzima aliyekubali kwamba hajui kitu. Lakini hata hapo sikumwamini papo hapo. Nilikisoma tena kuanzia mwanzo, nikitafuta mahali palipofichwa ubaya. Sikupaona, na kutokupaona kulinitisha zaidi, kwa kuwa kulimaanisha kwamba sheria zangu zote hazifai.

Baba alikuja mvua za kwanza ziliponyesha. Alikuwa amekonda. Alishuka na kiroba begani, akakiweka chini polepole, na kwa mlio wake tu nilijua kilichomo. Mama hakutoka jikoni. Mama mkubwa alimpa kigoda, akampa maji, akaondoka. Nilimwaga mawe kwenye ukumbi na kuanza kuyapanga, baba akinitazama. Nilipomaliza nikamwambia, “Yamepungua kumi na moja.”

“Labda yameanguka njiani.”

“Hapana. Yote kumi na moja ni ya mistari ya kutu. Hayawezi kuanguka hayo tu.”

Baba alijipangusa uso. “Baba Neema alikuja akachagua,” akasema.

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimesimama pale pale.”

Jikoni sufuria zilinyamaza. Mimi sikuwa na akili ya kujua kwamba kuna maswali ambayo mtoto hamwulizi baba yake. “Baba, kuhusu wembe. Ulikubali?”

“Nilisema nitafikiri.”

“Ulipofikiri, ulikubali?”

Mvua ilikuwa inagonga bati. Baba alitazama mawe, wala hakunitazama mimi, na kwa hilo nilimshukuru, kwa sababu niliweza kumsikia. “Ijumaa usiku nilikubali,” akasema. “Mlikuwa mmeshaondoka. Nilikaa kitandani kwako nikasema, wangekuwepo, kesho ningempeleka. Nimekuja kukwambia hivyo. Sikutaka uambiwe na mtu mwingine.” Kisha akasema kwa Kinyakyusa neno la kuomba radhi, neno ambalo hutumika pia kwa kushukuru, “ndaga,” na akalirudia, nami nikalirudia baada yake, sote wawili, mara nyingi.

Watu niliowasimulia kisa hiki hutarajia niseme kuwa nilimchukia. Haikuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuniambia jambo baya juu yake mwenyewe bila kulivisha nguo, na mimi nilijua la kufanya na jambo la namna hiyo. Lilikuwa na umbo. Ningeweza kulishika. Mama ndiye aliyechelewa kusamehe. Alimruhusu ale, akamruhusu alale ukumbini, na mwaka uliofuata, baba alipoacha uchimbaji na kupata kazi ya kupasua mbao Mafinga, akamruhusu awe anakuja mwisho wa wiki. Lakini kwa miaka mingi alihakikisha siachwi na baba peke yetu safarini, na baba hakuwahi kulalamika. Aliijua sababu.

Jumapili moja baada ya ujio ule wa kwanza wa baba, mama alivaa kitenge chake kizuri, akanishika mkono bila kusema tunakwenda wapi. Nilikakamaa. Aliona, akasimama barabarani. “Tunakwenda kuona jiwe,” akasema. “Ni jiwe kweli. Si sindano.” Kumbe alikuwa anajua siku zote. Tulipanda mpaka juu ya mji wa Iringa, penye miamba mikubwa kama nyumba, mpaka kwenye ule mwamba wanaouita Gangilonga, yaani jiwe linalosema. Jina hilo nililishuku sana. Niliulalia mwamba, nikaweka sikio, nikangoja. Ulikuwa na joto la jua na chembe za kung’aa, na haukusema kitu. Nilifarijika. Mama aliketi pembeni, akavua viatu. “Hili wasingeweza kulibeba,” akasema. Tangu siku hiyo hakunivuta tena mkono nikiinama njiani, ingawa aligeuka nyuma kila mara kuona nani anatutazama.

Leo nafanya kazi Mbeya, katika maabara ndogo inayopima mawe ya wachimbaji. Nilisoma nilichotaka kusoma, kwa shida ambazo haziingii katika kurasa hizi. Najua sasa kwamba ile rangi ya kutu katika yale mawe kumi na moja mara nyingi huwa ni chuma tu kilichooza, na nimesikia kuwa duara la Baba Neema lilimpa maji zaidi ya dhahabu. Mwalimu Lugano nilimtafuta nikampata. Ni mwalimu mkuu sasa, upande wa Tukuyu. Nilimuuliza kwa nini aliniandika. Akaniambia alikuwa na kaka aliyekulia chumba cha nyuma akiwa amefungiwa mpaka alipokufa, na alipokufa hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza alikuwa anapenda nini. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa sasa najua kuna maswali ya kuacha.

Nikipima siku zile na hizi, siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba mambo yamekuwa mazuri. Neno la usonji lipo. Linatajwa redioni, lipo kwenye mabango ya kliniki, walimu wanalijua. Lakini naona watu wakilitumia kama walivyotumia yale maneno ya kunong’ona, kwa kushusha sauti. Kazini wananisifia mbele ya wageni, “huyu mwenzetu ni kichwa,” na nikisikia sifa hizo mgongo wangu unakaza, kwa sababu nishawahi kusifiwa hivyo nikiwa na soda mkononi. Kila anayesema watu kama mimi tuna vipaji vya ajabu namwangalia mikono. Mtoto anayependa kitu hahitaji kuwa na jicho la miujiza ndipo aachwe akipende. Anaweza kukipenda bila faida kwa mtu yeyote, na awe na kesho hata hivyo.

Wazazi hunipigia simu siku hizi, wakipewa namba yangu na mtu aliyesikia kwa mtu. Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja wa Vwawa, mwanawe ana miaka tisa. Alikuwa mkali kidogo, kama mtu aliyekwisha kudanganywa na wengi, na nilimpenda kwa hilo. Akaniuliza, “Dada, niambie ukweli. Atakuja kuwa kama wewe?” Nikamwambia sijui, na kwamba hata angekuwa kama mimi bado angekuwa mwingine. Nikamwomba amuulize mwanawe anawaza kuwa nani akikua, kisha anyamaze, hata jibu likichelewa. Akasema hajawahi kumuuliza, alihisi ni kumwonea. Nikasikia akiweka simu mezani, akiuliza. Nilisikia kuku, nikasikia pikipiki ikipita, nikasikia yule mama akivuta pumzi ya kutaka kusema kitu na kuizuia. Kisha sauti ndogo, kavu, ikasema neno moja.

“Anasema milango,” mama akaniambia, na sikujua kama anataka kucheka au kulia. “Milango, dada. Sasa hiyo ndiyo nini?”

“Mimi sijui,” nikamwambia. “Muulize yeye, ya aina gani.”